Milango ya mabomba: Fahari ya porini, balaa ya mjini?

JUMAPILI jioni, ukisimama kando ya barabara ya Waiyaki pale Kangemi, utayaona magari ya porini yakirejea mjini kutoka pande za Mai Mahiu. Yametapakaa matope hadi paani, na kamba na sepetu zimefungwa nyuma. Baadhi yake hayana milango ya kawaida. Mahali pa mlango pamewekwa bomba la chuma lililopindwa kama mkono wa kiti, na dereva anaonekana mzimamzima, kuanzia kofia hadi viatu, kana kwamba ameketi barazani kwake.

Vijana walio kituoni hupiga miluzi. Watoto waliobanwa ndani ya matatu husukumana dirishani ili waone. Na mzazi mwenye gari kuukuu la aina hiyo nyumbani hujiuliza kimoyomoyo: je, na mimi nikibadilisha milango yangu?

Hebu tuchukue mfano wa familia moja ya Uthiru. Baba ana Suzuki Sierra ya milango miwili. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa gari hilo humpeleka kitinda mimba shuleni Lavington, kisha humfikisha mama kazini katikati ya jiji. Jumamosi moja kwa mwezi baba na kifungua mimba wake, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, huliendesha hadi Suswa kupanda mawe na kuvuka makorongo.

"Baba, miiba inaikwaruza milango hii bure," kijana anasema mezani. "Tuing'oe, tuweke ya mabomba kama wenzetu."

Baba anatabasamu. Mama, ambaye anapakua ugali, anauliza neno moja tu: "Na Jumatatu?"

Swali la mama ndilo kiini cha makala haya. Mlango wa mabomba si mbaya wala si mzuri peke yake. Ubaya na uzuri wake hutegemea gari litakuwa wapi, litaenda kasi gani, na ni nani ameketi ndani.

Si jambo geni

Kuendesha gari lisilo na milango hakukuanza juzi. Jeep ya Willys, iliyotumiwa na majeshi ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliundwa bila milango ya chuma. Askari alipaswa kuruka ndani na nje kwa haraka. Land Rover ilipozinduliwa mwaka wa 1948 ilifuata nyayo hizo. Milango yake ilikuwa mifupi, na sehemu ya juu yenye kioo ingeweza kufunguliwa kwa spana na kuachwa nyumbani. Hadi leo Jeep Wrangler huundwa makusudi ili mwenyewe aweze kuiondoa milango yake.

Hapa kwetu mchezo uliowafunza wengi ufundi wa mabomba ni Rhino Charge, ulioanza mwaka wa 1989 kwa lengo la kuchangisha pesa za kuwalinda vifaru na msitu wa Aberdare. Magari hupewa saa 10 kuvifikia vituo 13 vilivyofichwa porini, na mshindi si aliyefika kwanza bali ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Kwa hivyo watu hukata moja kwa moja vichakani na kwenye majabali, huku wenzao wakitangulia kwa miguu kutafuta njia. Fedha zilizopatikana zilisaidia kujenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka wa 2009.

Mle porini mlango wa bati huwa mzigo. Lakini msomaji akumbuke kwamba magari ya mashindano hayo hayakuondolewa milango na kuachwa hivyo. Ndani yake kuna kizimba cha mabomba kinachowazunguka abiria, na kila mmoja amefungwa mshipi madhubuti. Anayeiga mlango na kukiacha kizimba ameiga nusu ya somo.

Faida zake

Haki yake tuipe. Mlango wa kiwandani wenye kioo na vitasa waweza kuzidi kilo 20, ilhali wa mabomba mtu huuinua kwa mkono mmoja. Dereva akiinama kidogo huliona gurudumu la mbele na jiwe linaloelekea kulikanyaga, kwa hivyo hahitaji kubahatisha. Gari likikwama mtoni ni rahisi kutoka. Upepo unaingia. Bomba likikwaruzwa na mgunga hupigwa msasa na kupakwa rangi upya nyuma ya nyumba. Mlango wa bati ukibonyea, huo ni mkutano na fundi wa bodi pamoja na fundi wa rangi.

Isitoshe, mlango wa mabomba ni bora kuliko uwazi mtupu. Kazi yake kubwa ni kuzuia mguu, goti na kiwiko visitoke nje gari linapoyumba. Gari likilalia ubavu, mtu ambaye mkono wake umening'inia nje yuko katika hatari kubwa ya kuupoteza.

Kile ambacho bati hufanya

Sasa tugeukie upande wa pili. Ukiutazama mlango wa kiwandani kwa nje, waona bati na kioo. Ukiing'oa ngozi ya ndani utagundua kuna zaidi ya hayo. Katika magari mengi ya miongo ya karibuni, kati ya bati la nje na la ndani hupita upau wa chuma kutoka mwisho mmoja wa mlango hadi mwingine. Mbele kuna bawaba mbili nzito. Nyuma kuna kitasa kinachoung'ata msumari mnene uliokazwa kwenye nguzo ya bodi.

Gari jingine likikugonga ubavuni, upau huo hulipokea pigo na kulipitisha kwenye bawaba na kitasa, navyo hulipeleka kwenye nguzo. Bodi nzima hushirikiana kulibeba. Kuna haja kubwa ya ushirikiano huo, kwani mbele ya dereva kuna bampa na injini vya kupunguza makali, lakini ubavuni, kati ya bega la mtoto na gari linalomgonga, kuna shibiri moja au mbili tu.

Ndiyo sababu mataifa yenye viwanda yalianza zamani kuitungia sheria milango. Marekani iliweka kanuni ya vitasa na bawaba mwaka wa 1968, baada ya kubainika kwamba wengi walikuwa wakifa kwa kurushwa nje mlango ulipofunguka wakati wa ajali. Mwaka wa 1973 ikadai milango ya magari madogo ipimwe nguvu zake dhidi ya kubonyezwa. Katika miaka ya 1990 ikaongeza jaribio la kuligongesha gari zima ubavuni.

Suzuki kuukuu ya baba yetu wa Uthiru huenda isiwe na upau huo. Hata hivyo ina bati mbili, bawaba zilizokazwa kwa bolti na kitasa kinachoshika kwa hatua mbili, yaani hata usipoufunga mlango vizuri, hatua ya kwanza hukupa nafasi ya kusikia unagongagonga. Bomba moja lililopindwa na kufungwa kwa komeo la geti halina hata kimoja kati ya hivyo.

Nairobi si pori

Hapo ndipo swali la mama linaporudi. Kule Suswa gari hutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mjini, hata ukitii mwendo wa kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Na si wewe peke yako. Kuna lori linaloshuka Waiyaki, kuna matatu inayotafuta pengo, na kuna bodaboda inayopenya mahali ambapo hukudhani hata baiskeli ingepita. Wengi wao hukujia kutoka ubavuni, hasa kwenye mizunguko na makutano.

Halafu kuna mambo madogo ambayo ndiyo makubwa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hazingoji ufike nyumbani. Maji yanayorushwa na basi yataishia kwenye sare ya mtoto. Moshi wa lori kwenye mlima wa Kangemi utaingia moja kwa moja puani mwake. Na katikati ya jiji, foleni ikisimama, mkoba ulio mapajani au simu iliyo mkononi iko wazi kwa yeyote mwenye mikono myepesi na miguu ya haraka. Ukiegesha, huna cha kufunga. Hata koti huwezi kuliacha kitini.

Hata mbugani mambo si kama wengi wanavyofikiri. Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, iko mlangoni mwetu, na huenda familia ikadhani gari lililo wazi ndilo linalofaa kutazamia wanyama. Kanuni za mbuga zinawataka wageni wasalie ndani ya magari yao isipokuwa mahali palipotengwa pa kushukia. Je, mtu aliye nyuma ya bomba moja yuko ndani au yuko nje? Usimwachie simba alijibu swali hilo.

Ukiamua, fanya hivi

Kwa yule ambaye bado moyo wake uko kwenye mabomba, safari huanzia katikati ya jiji, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Huko ndiko penye maduka ya vipuri, vipya kwa vilivyotumika. Kazi yenyewe ya kuchomelea yaweza kufanywa na mafundi wa jua kali walio karibu na kwako, Kangemi, Kawangware au Dagoretti Corner. Ukiona vyaelea vimeundwa. Mafundi hao wanaweza kazi, mradi uwaeleze unachotaka na usiwaharakishe.

Kwanza, ondoa milango kwa utaratibu. Katika magari mengi ya zamani ya aina hii bawaba zimefungwa kwa bolti. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari kuzunguka kila bawaba kwa penseli au rangi ili siku ya kurudisha mlango ukae palepale. Kama mlango una nyaya za spika au za kufunga, toa kwanza waya wa betri. Mwekee mtu mmoja kazi ya kuushika mlango, maana bolti ya mwisho ikitoka uzito wote huanguka. Tia bolti na nati zote katika mfuko na uandike ni za upande gani.

Pili, chagua bomba. Watu wengi hutumia bomba la chuma lenye kipenyo cha inchi moja au zaidi kidogo, na lenye unene wa milimita 2 hadi 3. Likiwa jembamba kupita hapo hupondeka. Jihadhari na bomba la maji lililopakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humletea fundi homa na kutetemeka usiku. Kama hakuna jingine, zinki yote ikwanguliwe mahali pa kuchomelea, na kazi ifanywe mahali penye hewa, fundi akiwa amejikinga pua na macho.

Tatu, pima kabla ya kupinda. Kata kigezo cha katoni kulingana na uwazi wa mlango. Asiye na mashine ya kupindia hujaza bomba mchanga mkavu, huziba ncha zote, hulipasha moto na kulipinda polepole. Mchanga huzuia bomba lisijikunje ndani. Ni lazima uwe mkavu kabisa, kwani maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua bomba usoni mwa fundi.

Nne, usidharau kitasa. Hapa ndipo wengi hukosea. Nunua kitasa halisi cha mlango wa gari, chenye kung'ata ule msumari wa nguzo, hata kama kimetumika. Bodi ya gari hujipinda kidogo linapopanda jiwe, na komeo la geti hufunguka lenyewe wakati usiotarajiwa. Bawaba nazo ziwe za gari, zikae kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Usichomelee bawaba kwenye nguzo, kwa maana ukifanya hivyo milango ya zamani haitarudi.

Tano, weka ngazi mbili au tatu za bomba badala ya moja, kisha uzibe sehemu ya chini kwa wavu wa chuma au turubai nene. Mguu mdogo hupita mahali ambapo mguu mkubwa haupiti. Ncha zote za mabomba zizibwe, maana bomba lililo wazi hujaa maji na kutu, na siku ya ajali huwa mkuki.

Sita, kumbuka vioo vya pembeni. Katika magari mengi kioo kiko kwenye mlango, hivyo mlango ukitoka, kioo nacho kimetoka. Kifunge upya kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kisha umketishe dereva na uhakikishe anaona nyuma pande zote mbili kabla gari halijatoka kwa fundi.

Mwisho, kichomelewe kila kitu kidogo kwanza, mlango ujaribiwe, kisha ushushwe na kumaliziwa mbali na gari. Cheche karibu na tangi la petroli na viti vya sponji si mchezo. Baada ya rangi kukauka, endesha polepole kwenye barabara mbovu ukiwa peke yako. Simama kila baada ya kilomita chache utazame kama kitasa kingali kimeshika.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari linalotumiwa barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Askari wa trafiki akikusimamisha Westlands, maelezo kwamba "ni gari la mchezo" hayatakusaidia sana. Daftari la magari na ukaguzi wake viko mikononi mwa mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Ulizia huko kwanza, kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Kadhalika soma hati yako ya bima, hasa yale maandishi madogo ambayo wengi huyaruka. Kampuni ya bima ilikubali kulibeba gari la namna fulani. Ukilibadilisha bila kuiarifu, umeipa sababu ya kubishana nawe siku ambayo huna nguvu za kubishana. Barua moja leo ni rahisi kuliko wakili kesho.

Akiba haiozi

Turudi Uthiru, kwenye meza ya ugali. Baba na kijana wamefikia uamuzi ambao pengine utawafaa wengi. Watatengeneza milango ya mabomba, lakini ile ya bati haitauzwa. Fundi akisema ana mteja wa kuinunua, jibu ni hapana. Itafungwa kwa blanketi kuukuu na kusimamishwa ukutani, kitasa kikiwa kimepakwa mafuta ili kisishike kutu.

Ijumaa jioni, kabla ya safari, baba na kijana watabadilisha milango. Mabomba yatafungwa wakiwa wanaelekea porini, na huko njiani wataepuka barabara za kasi na kujifunga mishipi hata gari likitambaa. Kitinda mimba hatapanda gari hilo likiwa na mabomba, hata akilia. Jumapili, kabla ya chakula cha jioni, milango ya bati itarudi mahali pake, kila bawaba kwenye mstari wake wa penseli.

Kwa kijana hiyo ni kazi ya ziada, na atanung'unika. Lakini atakuwa amejifunza kushika spana, kupima na kungoja, mambo ambayo hayauzwi barabara ya Kirinyaga. Atajua pia kwamba gari moja laweza kuwa na kazi mbili, na kila kazi ina mlango wake.

Na mama? Jumatatu alfajiri atafungua mlango wa bati, atamketisha mtoto, atamfunga mshipi na kuufunga mlango kwa kishindo kile kile cha zamani. Atauvuta mara moja kuhakikisha umeshika. Kisha ataondoka.